Barua ya wazi kwa mwenye jengo letu: tupite wapi?

Kwa: Mzee mwenye jengo, wanawe wanaolisimamia, na ndugu msimamizi
Kutoka: Mpangaji wa ghorofa ya nne, Kariakoo, Dar es Salaam

YAH: NJIA ZA KUTOKEA MOTO UKIWAKA

Shikamoo Mzee. Nanyi vijana wake, pamoja na ndugu msimamizi, nawasalimu.

Sikupenda barua hii isomwe na watu wengine. Mwezi wa pili nilimweleza msimamizi kwa mdomo, tumesimama pale kwenye lifti, akaniambia nimkumbushe. Nikamkumbusha. Mwezi wa tatu tukaandika barua, wapangaji 17 tukatia saini, na nakala yetu ikagongwa muhuri pale mapokezi. Mwezi wa tano nikatuma picha kwenye kundi la WhatsApp la jengo. Tiki zikageuka bluu, kimya kikapita siku mbili, halafu ukaingia ujumbe wa kutukumbusha kodi. Nimeona sasa niseme mbele ya watu.

Jina la jengo silitaji. Nyinyi mnajijua, na anayepanda ngazi zile kila asubuhi akisoma mistari michache tu atajua. Wenye majengo mengine wakijiona humu, si vibaya pia.

Nianze na siku yenyewe, kwa kuwa kila nikiitaja mnaiita "ule moshi mdogo".

Alhamisi ile ya mwezi wa pili, saa saba kasoro robo mchana, nilikuwa dukani na mteja aliyetoka Lubumbashi. Ni mteja wangu wa siku nyingi. Kila safari huchukua robota mbili tatu za vitenge, na kabla ya hapo hukaa kwenye kigoda tukabishana bei mpaka koo zikauke. Tulikuwa tumefika kwenye zile za bluu aliponyamaza, akanusa. Nami nikanusa. Ilikuwa harufu ya plastiki inayoungua.

Chanzo, tulikuja kujua baadaye, ni ekstensheni moja ghorofa ya pili, kwenye fremu wanayopigia pasi madera. Pasi mbili, feni, na chaja za simu sijui ngapi, zote kwenye tundu moja la ukutani. Ikayeyuka, ikashika mifuko ya nailoni, mifuko ikashika sponji. Vijana wawili wa pale waliuzima kwa katoni za maji ya kunywa baada ya mtu kukimbilia meinswichi na kukata umeme. Mungu awazidishie.

Sisi wa juu moto hatukuuona kabisa. Tulichokiona ni moshi. Ngazi kuu zimepanda katikati ya jengo bila hata mlango mmoja wa kuzitenga na korido, kwa hiyo moshi ulikuja juu kama unapita kwenye dohani. Nilipochungulia niliuona mweusi, mzito, na mbele yake watu wa ghorofa ya tatu wakipanda badala ya kushuka. Mteja wangu akanishika mkono akaniuliza, "Mama, tupite wapi?"

Mzee, nina miaka tisa ndani ya jengo lako. Nikamwambia nifuate, nikampeleka mwisho wa korido kwenye mlango wenye kile kibao cha kijani cha mtu anayekimbia. Tulifika watu kama 15 hivi. Mlango una mnyororo, mnyororo una kufuli. Mlinzi mwenye ufunguo alikuwa ameenda kuswali, na kwa hilo hana lawama. Kijana mmoja mpagazi akalishika kufuli ili alivute, na hapo ndipo nikaliona vizuri: lilikuwa la kijivu kama mlango. Fundi aliyepaka mlango rangi ya mafuta alipitisha brashi juu ya kufuli, mnyororo na kila kitu. Tundu la ufunguo lilikuwa limejaa rangi iliyokauka, inang'aa. Jengo lilipakwa rangi mwaka juzi.

Tukarudi dukani kwangu. Tukafunga mlango, tukalowesha vitenge kwenye ndoo ya maji ya kupigia deki, tukaziba chini, kisha tukajipanga dirishani tukivuta hewa katikati ya nondo. Kwa chini barabara ilikuwa inaendelea na shughuli zake, watu wananunua maembe. Moshi ulipungua baada ya dakika 20 hivi, tukashuka. Hakuna aliyeumia. Jioni mlinzi alileta funguo zake, nami nilikuwepo. Ufunguo haukuingia. Alijaribu kuchokonoa rangi kwa msumari, akaacha.

Mteja wangu alichukua mzigo wake siku ile. Safari iliyofuata alinunua kwa mwenzangu mwenye duka la chini, mlango wake unatazama barabara.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Kufuli. Baada ya siku ile nilichukua daftari nikapita ghorofa zote nane kwa upande wa nyuma. Milango sita ya dharura ina kufuli. Mmoja umefungwa kwa waya. Wa ghorofa ya saba uko wazi, kwa sababu uling'oka bawaba zamani na hakuna aliyeurudisha. Yaani katika jengo zima, mlango pekee unaoweza kumwokoa mtu ni ule ulioharibika.

Msidhani nazidisha chumvi kwa ajili ya kufuli. Machi 2001, huko Machakos, Kenya, bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli liliungua usiku. Bweni lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa na kufuli, na madirisha yalikuwa na nondo. Wavulana 67 hawakutoka. Kwetu hapa, waliokuwa na akili timamu mwaka 1994 hawajasahau Shauritanga, kule Rombo, wasichana zaidi ya 40 kwa usiku mmoja. Yalikuwa mabweni ya watoto, sawa. Lakini nondo za dirisha langu na kufuli la korido yangu havitofautiani na vya bweni, na ghorofa ya nne hakuna wa kuruka.

2. Ngazi za nyuma zimegeuzwa stoo. Hata kufuli lingefunguka, tungeshukia juu ya nini? Kati ya ghorofa ya tatu na ya pili kuna maboksi ya viatu mpaka darini. Chini yake kuna majenereta mawili mabovu, kitanda cha mlinzi, na masanamu ya kuvalisha nguo yasiyo na vichwa ambayo yalimtisha hata kijana wangu wa dukani.

Hapa nami nakiri. Robota zangu nne zilikaa kwenye ngazi zile tangu mwezi wa kumi na moja hadi siku ya moshi. Nilizitoa kesho yake, na nimeona haya kila nikikumbuka. Ila nisibebe peke yangu: nilikuwa nalipia. Kila mwezi nilimpa msimamizi hela ya kuweka mzigo pale, na risiti ninazo, zimeandikwa "stoo ya nje". Mmeikodisha njia ya kutokea, Mzee. Sijui kama unajua, na ndiyo maana nakuandikia wewe kwanza.

3. Giza, na lifti. Umeme ulipokatwa, na ilikuwa lazima ukatwe, ngazi zilikuwa giza mchana kweupe, maana hazina dirisha. Hakuna hata taa moja ya betri inayowaka yenyewe umeme ukizima. Lifti nayo ilisimama kati ya ghorofa ya tano na ya sita ikiwa na wapagazi wawili na mzigo wao. Walipiga mlango kwa ngumi mpaka mtu akawasikia. Karibu na lifti hakuna kibao kinachomwambia mtu asiipande wakati wa moto, na ndiyo iliyo karibu na maduka, kwa hiyo ndiko wengi watakakokimbilia.

4. Hakuna aliyewahi kuonyeshwa njia. Hili ndilo kubwa kwangu, kubwa kuliko kufuli, kwa kuwa kufuli linaondolewa kwa msumeno wa chuma ndani ya dakika tano.

Mtu akipata mshtuko hurudi alikoingilia. Hana muda wa kusoma vibao. Ataufuata mlango anaoujua hata kama moshi unatokea huko huko, na hicho ndicho walichofanya wengi siku ile: walikimbilia ngazi kuu, wakakutana na moshi, wakageuka, wakakanyagana na waliokuwa nyuma yao. Wengine hawakukimbia kabisa. Jirani yangu wa vipodozi alikuwa anafunga hesabu za nusu siku, akasema amalizie. Mwingine alirudi kuchukua simu. Simcheki, kwa kuwa king'ora hakikulia. Kilikuwa kikilia ovyo kila mvua ikinyesha, mkakikata waya badala ya kukitengeneza. Na hata kingelia, tungedhani ni mvua.

Ubongo wa mtu haubadilishwi na tangazo. Unabadilishwa na miguu, mtu akiishuka ile njia kabla ya siku yenyewe, mara moja, mara mbili, mpaka iwe njia anayoijua. Mkuu wa usalama wa kampuni ya Morgan Stanley pale World Trade Center, New York, mtu aitwaye Rick Rescorla, aliwashusha wafanyakazi wake ngazi kwa mazoezi miaka na miaka baada ya bomu lililolipuka humo 1993. Wakubwa walinung'unika kwamba anawapotezea muda wa kazi. Septemba 11, 2001, magaidi walipoigonga minara ile kwa ndege, kampuni ile ilikuwa na watu karibu 2,700 katika mnara wa kusini, na karibu wote walitoka. Yeye alirudi juu kutafuta waliobaki, hakutoka.

Wenzetu Kenya hawakuliacha jambo hili kwenye hiari ya mwenye jengo. Kanuni zao za 2007 za kupunguza hatari ya moto mahali pa kazi zinataka zoezi la kutoka lifanyike angalau mara moja kila miezi 12. Sisi kwa miaka yangu tisa: sifuri. Tumewahi kushushwa ghorofa zote kwa siku moja, nakumbuka, lakini ilikuwa kwa ajili ya kusaini mikataba mipya.

5. Wasioweza kushuka, na hesabu ya watu. Ghorofa ya tatu kuna fundi cherehani anayetembea kwa magongo. Siku ya moshi alibaki kwenye cherehani yake mpaka mwisho. Nilimuuliza, akaniambia, "Dada, ningeingia kwenye ngazi zile na magongo ningewazuia wenzangu." Alikuwa amekwishaamua, peke yake, kwamba yeye atabaki. Mtu asifikishwe mahali pa kuamua hivyo. Kuna wajawazito, kuna wateja wazee, kuna watoto wanaoletwa dukani shule zikifungwa. Nani kapangiwa kumshusha nani? Hakuna.

Tuliposhuka barabarani hapakuwa na mahali pa kukusanyika. Kila mtu alisimama alipopata, kati ya maguta na meza za machinga, tukawa tunapigiana simu. Kwa karibu saa nzima tuliamini binti mmoja wa ghorofa ya sita yumo ndani. Kumbe alikuwa ametumwa benki. Sisi wa Kariakoo tulipaswa kuwa tumejifunza hili Novemba 16, 2024, lile jengo lilipoanguka hapa hapa mitaani kwetu na kuua zaidi ya watu 20. Sababu yake ni nyingine, najua. Lakini tuliokuwepo tunakumbuka ndugu wamesimama nje siku baada ya siku, na swali lililokuwa midomoni mwa kila mtu: nani alikuwa ndani?

6. Mitungi ya kuzimia moto. Kwa kifupi: ipo. Wa ghorofa yetu umewekwa nyuma ya friji ya soda, mshale umelala kwenye nyekundu, na sijawahi kukutana na mpangaji aliyefundishwa kuchomoa ile pini.

Sasa nijibu mapema, maana majibu yenu tumekwishayasikia vipande vipande.

Mtasema wezi. Ndilo jibu la kwanza msimamizi alilonipa: mlango wa nyuma ukiwa wazi, mzigo unatoka bila kulipiwa. Nami nimeibiwa, tena mara mbili, silidharau. Ila naomba mjue mmeingia kwenye kundi gani. Mwaka 1911 New York kulikuwa na kiwanda cha kushona blauzi, Triangle, ghorofa za juu za jengo refu. Mlango mmoja wa ngazi ulifungwa kwa ufunguo ili wafanyakazi watokee upande mmoja wakaguliwe mikoba. Moto ukawaka karibu na muda wa kutoka kazini. Wakafa watu 146, wengi wao wasichana mafundi cherehani, wengine kwa kuruka. Januari 2009 likaungua duka kubwa la Nakumatt Downtown katikati ya Nairobi, mchana, likiwa na wateja. Walikufa zaidi ya watu 20, na walionusurika walisema milango ilifungwa kwa kuogopa waporaji. Karibu miaka mia moja katikati, sababu ni ile ile.

Na hata hivyo dawa yake ilikwishapatikana zamani kabla ya hapo. Juni 1883, mji wa Sunderland, Uingereza, watoto walikuwa kwenye maonyesho katika ukumbi wa Victoria Hall. Mwishoni ikatangazwa zawadi kwa watakaoshika tiketi fulani, watoto wa juu wakashuka mbio. Mlango wa chini ya ngazi ulifunguka kuelekea ndani na ulikuwa umewekwa komeo, ukiacha upenyo wa mtoto mmoja mmoja. Walikandamizana wakafa 183. Hapakuwa na moto wala moshi, mlango tu. Kutokana na msiba ule, Robert Briggs akabuni komeo la kusukuma na kulisajili mwaka 1892: ufito unaokatiza mlango kwa ndani, ukiusukuma hata kwa tumbo mlango unafunguka, kwa nje hakuna kitasa cha kushika. Mwizi haingii. Akitaka kutokea huko na mzigo, mnafunga kengele inayolia mlango ukisukumwa, mlinzi anafika. Nimeulizia bei kwenye maduka ya Gerezani, jirani na Kariakoo. Komeo la mlango mmoja na kengele yake haifiki kodi yangu ya mwezi mmoja.

Mtasema mna cheti. Kipo, nimekiona, kimewekwa fremu ya dhahabu mapokezi. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya 2007 imeweka ukaguzi na vyeti, na ni jambo jema. Lakini cheti kinasema mkaguzi alikuta nini siku aliyokuja. Kitanda cha mlinzi hakikuwepo siku ile. Kiliingia wiki iliyofuata, niliwaona wakikipandisha.

Mtasema Zimamoto watakuja, namba 114 ipo. Watakuja. Lakini nyote mnajua mtaa wetu saa saba mchana: guta limekata kona, kirikuu linashusha, meza za machinga zimefika katikati ya lami. Usiku wa Jumamosi, Julai 10, 2021, soko kuu lenyewe lilipoungua tulisimama tukatazama paa likiteketea, na tukashukuru kwamba ulikuwa usiku, watu wamekwishatoka. Gari la Zimamoto linakuja kuzima moto na kuokoa waliokwama. Sisi wengine tunatakiwa tuwe tumeshatoka kwa miguu yetu, na moshi wa sponji na nailoni hautoi muda mrefu. Una sumu, na humlaza mtu kabla miali haijamfikia.

Mtasema wapangaji wenyewe ndio wabishi. Hili nakubaliana nanyi nusu, na nimekwishakiri yangu. Tunaweka mizigo, tunaunganisha umeme kama utando wa buibui, tunafunga milango ya korido kwa matofali ili feni ipulize. Lakini mwenye funguo ni nani? Mpangaji akichelewesha kodi siku tatu mnakuja na kufuli jipya, linalofunguka vizuri. Nguvu ya kutuamrisha mnayo.

Na yupo mmoja wenu, sitamtaja, aliyesema miaka yote haijatokea, tumwachie Mungu. Ndugu yangu, gari lako lina bima.

Basi tunachoomba ni hiki, kwa mpangilio wa haraka yake.

Makufuli na minyororo yote ya milango ya dharura ikatwe ndani ya siku tatu tangu barua hii iwafikie, hata kabla makomeo ya kusukuma hayajanunuliwa. Kwa siku hizo za katikati, sisi wapangaji tutachanga mlinzi wa ziada wa kukaa kwenye mlango wa chini wa nyuma. Tumekubaliana, majina tunayo.

Ngazi za nyuma ziwe tupu ndani ya siku 14. "Stoo ya nje" ifutwe na hela ya mwezi huu irudishwe. Anayekataa kutoa mzigo wake, mtolee nyinyi. Tutawaunga mkono hadharani.

Taa za betri kwenye ngazi zote mbili, king'ora kitengenezwe, na kila ghorofa ibandikwe mchoro wa njia mbili za kutokea kwa Kiswahili, wenye alama ya "upo hapa", uwe mkubwa wa kusomeka na mteja aliyekuja leo kwa mara ya kwanza. Wateja wetu wanatoka Songea, Lubumbashi, Moroni, Lusaka. Hawajui hata ngazi za nyuma zipo.

Kila ghorofa iwe na wasimamizi wawili wa kutoa watu, wapangaji wenyewe au vijana wao, wenye fulana za kung'aa zilizotundikwa mlangoni: mmoja wa kuongoza mbele, mmoja wa kupita choo, stoo na andagraundi kuhakikisha hakuna aliyebaki. Wawe na orodha ya wanaohitaji kushikwa mkono au kubebwa, na majina ya watakaowabeba. Kwa fundi wetu wa ghorofa ya tatu wamekwishajitokeza vijana wanne. Mahali pa kukusanyika tupange pamoja na viongozi wa machinga wa mtaa, maana uwanja wetu wa karibu ni wao walioujaza, na siku ya siku nao watataka kupisha.

Halafu zoezi. La kwanza ndani ya miezi miwili, tena lisifanywe Jumapili jengo likiwa tupu. Lifanyike siku ya kazi, saa ya wateja, Zimamoto wakialikwa watutazame na saa mkononi. Najua tutapoteza mauzo ya nusu saa. Mimi wa kwanza nitafunga duka. Baadaye kila miezi sita.

Hatujaomba jengo jipya. Hatujagoma kulipa kodi, wala hatutagoma. Ya robo hii nimelipa jana. Lakini kama siku 14 zitapita bila jibu, barua hii pamoja na picha na daftari langu la ghorofa nane tutaipeleka wenyewe kituo cha Zimamoto na kuomba ukaguzi, wapangaji wote 17 tuliotia saini tukiwa mlangoni.

Mzee, mara ya mwisho ulipokuja mwenyewe ulipanda na lifti mpaka ofisini ukashuka nayo. Ukija tena, naomba unipigie simu. Nitakupokea chini, twende polepole kwa ngazi za nyuma, tusimame ghorofa ya nne, nikuonyeshe lile kufuli. Njoo na funguo zako.

Jibu, tafadhali, libandikwe kwenye ubao wa pale kwenye lifti mnapobandika matangazo ya kodi.

Wenu,
Mpangaji, ghorofa ya nne, duka la vitenge

Nakala: wapangaji wote, kwa kupitishwa chini ya milango